Ngoma Kali na Fasili Yake: Hadikoo, Singeli na Disko Matanga

Msafiri atokaye Mombasa kwa njia kuu ya Nairobi hupita Mazeras, Mariakani na Maji ya Chumvi kabla ya kuwasili Samburu, mji mdogo wa Waduruma katika sehemu ya Kinango, Kaunti ya Kwale. (Samburu hii isichanganywe na ile ya kaskazini mwa Kenya, kosa ambalo hufanywa hata na watu wa Nairobi.) Hapa, kama ilivyo katika vijiji vilivyo nyuma ya Diani na Msambweni, kuna istilahi moja ya muziki ambayo haina mgeni: disko matanga. Mtoto anaijua, mzee anaijua, na chifu anaijua zaidi, maana kinywani mwake istilahi hiyo huandamana na neno marufuku.

Lakini mtunga kamusi akitaka kuiandikia fasili hukwama katika neno la kwanza kabisa. Disko matanga ni nini? Ni aina ya muziki? Ni mkutano? Ni desturi ya mazishi? Fasili ya kidahizo hukamilika kwa mambo mawili: kundi kuu ambamo kitu kimo, na sifa zinazokitenga na wenzake wa kundi hilo. Kundi likikosewa, sifa zote zitakazofuata, hata zikiwa sahihi, zitakuwa zimetundikwa kwenye msumari usio wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika muziki mkali wa mashine kosa la kundi ndilo kosa kuu; kwamba limefanywa na wengi, wakiwamo watunga sheria wa Uingereza; na kwamba Kiswahili chenyewe kina kipimo cha kuliepuka.

Ugumu, ukali na uzito

Ni vema kuanza na sifa. Muziki unaozungumzwa hapa husifiwa na Waingereza kuwa ni mgumu, tena mgumu wa kingo, kama kitu kinachokata. Kuihamisha sifa hiyo kwa kusema ‘muziki mgumu’ si tafsiri salama. Katika Kiswahili kilichozoeleka, kilicho kigumu ni mkate wa juzi, mti wa mpingo, hesabu, au moyo wa bahili. Muziki mgumu utadhaniwa kuwa ni ule usioweza kupigwa na mwanafunzi.

Kiswahili kina sifa mbili zinazofaa zaidi, nazo hazilingani. Ngoma ya vumi husemwa kuwa ina mdundo mzito. Uzito ni sifa ya sauti ya chini, inayosikika kifuani kuliko masikioni. Sauti ya zumari ni kali. Kivumishi -kali kina upana mkubwa: jua, pilipili, siki, mbwa, mwalimu na kisu vyote huwa vikali, na nomino makali haina maana nyingine iliyo karibu zaidi kuliko ule ukingo wa kisu unaokata. Kwa hiyo kile ambacho Waingereza wamehitaji maneno mawili kukisema, yaani ugumu na ukingo, kimo tayari ndani ya -kali. Tatizo ni kwamba siku hizi vijana wanaposema ‘ngoma kali’ hawakusudii zaidi ya wimbo mzuri. Sifa imechakaa kwa kusifia. Hata hivyo hakuna iliyo bora, na ndiyo itakayotumika hapa.

Yafaa pia kuliangalia neno ngoma lenyewe. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliandika kwamba ni chombo, kisha mchezo unaochezwa kwa chombo hicho, kisha muziki kwa jumla. Katika Mijikenda na miji ya pwani ngoma ni pia shughuli ya kupunga pepo. Na kwa vijana wa leo ngoma ni wimbo uliorekodiwa: msanii ‘hutoa ngoma mpya’ ambayo ndani yake haijapigwa ngozi hata moja. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa ni uharibifu wa lugha. Kinyume chake, ni ushahidi kwamba neno hili halikufungwa kamwe kwenye mti na ngozi, na kwa hiyo linaweza kupokea muziki wa kompyuta bila kujikunja.

Hadikoo na sheria ya 1994

Kati ya mwaka 1989 na 1993 ulizuka Uingereza muziki wa kuchezea ulioitwa hadikoo, yaani kiini kigumu. Asili yake ilikuwa muziki wa haus kutoka Chicago na tekno kutoka Detroit, ambao mwendo wake kwa kawaida ulikuwa mapigo 120 hadi 130 kwa dakika. Vijana wa London na vitongoji vyake waliuchanganya na vipande vifupi vya ngoma vilivyokatwa kutoka santuri za zamani za Wamarekani weusi. Kipande mashuhuri kuliko vyote ni cha mpigaji Gregory Coleman wa kundi la The Winstons, kilichorekodiwa mwaka 1969 katika wimbo “Amen, Brother”, chenye urefu wa sekunde chache tu.

Ukali wa hadikoo ulitokana kwanza na kuharakisha. Jambo hili lina ufundi wake, nao ni rahisi kueleweka na yeyote aliyewahi kuchezea kinanda cha santuri. Santuri iliyotengenezwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika ikizungushwa mara 45, mwendo wake huongezeka kwa asilimia 35: wimbo wa mapigo 110 hukaribia 149. Sauti nayo hupanda kwa kadiri hiyo hiyo, hata mwimbaji mtu mzima akasikika kama mtoto. Baadaye mashine ziliweza kuharakisha bila kupandisha sauti, lakini masikio yalikuwa yameshaizoea ile sauti nyembamba, na wengi waliiacha kwa makusudi. Kufikia mwaka 1992 hadikoo ilikuwa imevuka mapigo 150. Ikagawanyika, tawi moja likaelekea kwenye jango, lenye besi nzito na ngoma zilizovunjwavunjwa, na jingine likabaki na vinanda vya furaha na mwendo wa mapigo 160 na zaidi.

Muziki huo ulichezwa katika mikesha iliyoitwa reivu, mingine katika maghala, mingine mashambani. Mwezi wa Mei 1992 maelfu kwa maelfu ya watu walikusanyika Castlemorton, katika wilaya ya Worcestershire, wakakesha kwa siku kadhaa. Miaka miwili baadaye Bunge lilipitisha sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuivunja mikesha ya namna hiyo. Na katika kifungu cha 63, ili kusiwe na shaka ni kitu gani kinachokatazwa, sheria ilieleza kwamba muziki unaohusika ni pamoja na sauti ambazo sifa yake kubwa ni mfululizo wa mapigo yanayojirudia.

Mwanafunzi wa fasili hana budi kusimama hapo. Watunga sheria walikusudia kukataza mkutano, nao waliueleza vizuri: wa usiku, wa hadhara, wenye vipaza sauti, wenye kuwaudhi majirani. Kisha wakaongeza maelezo ya muziki, na maelezo hayo yakabeba karibu kila kitu: mapigo yanayojirudia yako katika hadikoo, yako katika gwaride la askari, yako katika twanga-twanga ya wanawake wakitwanga mahindi. Kundi la Autechre lilijibu mwaka huo huo kwa santuri iitwayo Anti, ambayo wimbo wake mmoja, “Flutter”, ulitungwa kusudi mapigo yake yasijirudie. Tena waliwashauri wapigaji wa santuri hiyo wawe na wakili na mtaalamu wa muziki karibu yao, wa kuthibitisha hilo. Ulikuwa mzaha, lakini mzaha wenye hoja ya kimantiki: sheria ilipoeleza sauti badala ya tendo, mtu aliweza kutoka nje ya maelezo ya sauti akaendelea na tendo lile lile.

Singeli

Huko Dar es Salaam, katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mburahati, ulizuka katika miaka ya 2000 muziki unaoitwa singeli. Nyuma yake kuna mchiriku, ambao vijana wa Uswahilini waliupiga kwa kinanda kidogo cha betri, ngoma na kipaza sauti kibovu kilichofanya kila kitu kisikike kwa mikwaruzo. Na nyuma ya mchiriku kuna ngoma za Wazaramo. Mtengenezaji wa singeli huchukua kipande kifupi, mara nyingi cha taarab, hukirudiarudia kwa kompyuta na kukiharakisha hadi mapigo 200, pengine 300 kwa dakika. Juu yake mghani hughani kwa kasi ya kumfuata. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati ilijulikana ng’ambo baada ya mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017. Nyumbani, Msaga Sumu na Man Fongo walikuwa wameshajulikana bila msaada huo.

Wahakiki wa Ulaya walipousikia muziki huu wengi wao waliulinganisha na hadikoo na gaba ya Kiholanzi. Ulinganisho huo una haki yake. Mbinu ni ile ile: kipande cha zamani, kurudia, kuharakisha, sauti kupanda mpaka ikawa nyembamba. Ila kusema singeli ni hadikoo ya Kiafrika ni kuifasili kwa kasi peke yake, na kasi haitoshi. Kiungo cha singeli ni mghani, na ughani wake ni wa Kiswahili cha mtaani, wenye vijembe na masimango ambavyo msikilizaji wa taarab huvitambua mara moja hata vikipita mbio. Hadikoo haikumhitaji mghani wa namna hiyo; mara nyingi sauti ya mtu ndani yake ilikuwa kipande kingine cha kurudiwa.

Kuna kosa jingine katika kuifasili singeli, nalo ni la nyumbani: kuiita muziki wa kihuni. Mtunga kamusi akiandika hivyo atakuwa ametoa hukumu badala ya fasili. Mchiriku uliitwa hivyo kabla yake.

Kipimo cha vitenzi

Ipo njia ya kulijua kundi la jina la ngoma bila kutegemea masikio wala hukumu, nayo ni kuangalia vitenzi ambavyo jina hilo hukubali kuandamana navyo.

Chukua sengenya, ngoma ya Waduruma na Wadigo, yenye chapuo, vumi na bumbumbu, pamoja na kayamba, zumari na upatu. Mtu hupiga sengenya, huimba sengenya, hucheza sengenya. Vitenzi vyote vitatu vinakubalika, kwa kuwa jina linabeba mlio, maneno na mwendo wa mwili kwa pamoja. Singeli nayo hukubali vyote vitatu, na huongeza cha nne: msanii hutengeneza singeli, yaani huiunda kwenye kompyuta. Kwa kipimo hiki singeli, licha ya mashine zake, ni ndugu wa sengenya. Tofauti iko katika kitenzi cha nne tu.

Kayamba huleta utata wenye faida. Mtu hutikisa kayamba, na hapo ni kile chombo bapa cha mabua chenye mbegu ndani. Lakini mgonjwa pia huchezeshewa kayamba, na hapo ni shughuli nzima ya pepo. Jina moja lina makundi mawili, na kitenzi ndicho kinachoyatenga.

Sasa lijaribiwe disko matanga. Mtu huenda disko matanga, hukesha disko matanga, huandaa disko matanga. Haimbi disko matanga. Hakuna msanii wa Kwale aliyetoa disko matanga mpya, wala anayeweza kuitoa. Kwa kipimo hiki disko matanga si muziki. Ni mkutano, kama ilivyo reivu kwa Waingereza, na muziki unaopigwa humo unaweza kuwa wowote unaochezeka. Ushahidi wa matukio unakubaliana na ushahidi wa vitenzi. Kafyu ya usiku iliyoanza Kenya tarehe 27 Machi 2020 na kuondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, pamoja na kikomo cha idadi ya waombolezaji, iliiondolea mikesha hiyo njia ya halali. Nyimbo zenyewe ziliendelea kusikilizwa majumbani na kwenye simu. Kilichozuiwa kilikuwa tendo.

Umbo la jina

Kisarufi, disko matanga ni muungano wa nomino mbili bila kiunganishi -a. Kwa kawaida ya Kiswahili nomino ya kwanza ndiyo kichwa, na ya pili huipambanua: ni disko, na katika madisko ni lile la matanga. Hali hii ina matokeo ambayo chifu anayetangaza marufuku huenda hakuyapima. Disko la harusi halimo. Sengenya inayopigwa matangani nayo haimo, hata ikikesha, kwa sababu si disko.

Matanga, kwa upande wake, ni neno la Kiswahili. Wamijikenda husema hanga. Wapo wanaolinasibisha matanga na tanga la chombo au la mkeka. Lakini /t/ ya Kiswahili hulingana mara nyingi na /h/ ya lugha za Kimijikenda, kama tatu inavyokuwa hahu kwa Kigiriama, kwa hiyo haielekei kuwa hanga na matanga yamefanana kwa bahati. Ikiwa ni ndugu, basi Mduruma asemaye disko matanga ametumia jina la kigeni na jina la jirani kulitaja jambo ambalo nusu yake ni lake mwenyewe tangu zamani.

Nusu hiyo ni kukesha na kucheza kwa ajili ya maiti. Wagiriama wana kifudu, ngoma inayofungamana na kifo na mazishi. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, alionyesha jinsi hanga lilivyokuwa mahali pa matumizi makubwa ya tembo na chakula, na jinsi gharama hizo zilivyogeuka kuwa deni na heshima. Kilichobadilika ni mwelekeo wa fedha. Katika hanga la kale mwenye msiba hutumia; katika disko matanga mwenye msiba hutarajia kupata, kwa kuwa wachezaji huchangia, na kinachokusanywa hulipia jeneza, chakula na gari la kuleta maiti. Kwa familia isiyo na kitu hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, utawala hutaja usalama wa watoto, hasa wasichana, wanaokesha mahali pasipo mzazi wala taa. Na hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa kusema kwamba mila ni mila.

Kwa sababu mambo haya mawili ni mazito, usahihi wa jina una uzito pia. Hatari iliyotajwa iko katika usiku, umri na kutokuwapo kwa msimamizi. Hakuna hata moja ya hizo iliyomo katika neno disko. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zilifuata njia nyingine kabisa: hupima sauti kwa desibeli, zikitofautisha usiku na mchana na aina ya eneo. Kipimo hicho ni cha haki kwa jirani anayetaka kulala, na zumari ikivuka kikomo hushtakiwa sawa na spika. Lakini desibeli hazimjui mtoto wa miaka 14 aliyesimama gizani karibu na jenereta. Waingereza walieleza mapigo, kanuni za 2009 zinapima nguvu ya sauti, na tangazo la chifu linataja jina la mashine. Mlinzi wa mtoto huyo anahitaji maneno ya namna nyingine.

Vidahizo vinavyopendekezwa

Kutokana na hayo, mapendekezo yafuatayo yanaweza kujadiliwa na watunga kamusi.

Singeli: muziki wa kuimba na kucheza ulioanzia mitaa ya Dar es Salaam katika miaka ya 2000, unaotengenezwa kwa kompyuta kwa kurudia na kuharakisha vipande vifupi vya muziki, aghalabu taarab, hadi mapigo 200 au zaidi kwa dakika, na kughaniwa kwa kasi.

Hadikoo: muziki mkali wa kucheza ulioanzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980, unaotengenezwa kwa mashine kutokana na vipande vya ngoma vilivyoharakishwa, na kuchezwa hasa katika mikesha ya reivu.

Disko matanga: mkesha wa kucheza muziki wa mashine unaofanywa matangani, hasa kwa kuchangisha fedha za mazishi.

Katika kidahizo cha tatu neno la kwanza ni mkesha, si muziki. Upatanisho wake wa kisarufi unabaki na utata: wengine husema ‘disko matanga imepigwa marufuku’, wengine ‘limepigwa’, na wapo wasemao ‘zimepigwa’, kana kwamba ni nyingi daima. Ngeli ya kwanza kati ya hizo ndiyo inayoelekea kushinda, kwa mfano wa maneno mengi ya kigeni. Sengenya imo tayari katika ngeli hiyo, nayo bado inasubiri kidahizo chake katika kamusi nyingi za Kiswahili.